Kibao cha Zamu ya Ngazi

Wewe unayesoma, umewahi kusikia ufagio ukifagia ngazi isiyo na mtu?

Bibi yangu mzaa mama aliusikia, mwaka 1940, akiwa na miaka tisa, katika nyumba hii hii ninayokaa mimi na digrii zangu mbili zisizo na kazi. Mji wetu wa Uswabi, Ujerumani, ni mdogo, lakini Kehrwoche, zamu ya kufagia ngazi, ni kama dini. Kibao kinatundikwa mlangoni pako. Ukishafagia, unakihamishia kwa jirani. Ordnung, yaani utaratibu, bwana!

Chini aliishi Ottilie Kienzle, mshona glavu, mwenye kifafa na mguu wa kuburuta. Hakuna aliyemsalimia. Bi Häberle wa ghorofa ya pili alikitaka chumba hicho kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anaolewa. Akaiandikia ofisi ya mji: huyu ni mzigo kwa taifa. Majirani watatu wakasaini.

Jumatano asubuhi likaja basi la kijivu la serikali ya Hitler, lililowachukua wagonjwa na walemavu kwenda kuuawa, vioo vimepakwa rangi. Ottilie alikuwa anafagia.

"Jamani, niacheni nimalize. Zamu yangu bado haijaisha."

"Nenda tu, shoga," Bi Häberle akacheka. "Ukirudi utamalizia."

Wiki tatu baadaye ikaja barua: amefariki, mwili umeshachomwa.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, jua linawaka. Shwaa. Shwaa. Kisha mguu unaburutwa. Watu wakafungua milango. Hakuna mtu. Ngazi safi. Kibao kinaning'inia kwa Bi Häberle, na kizingitini pake, majivu.

Akafagia. Akakihamisha kibao. Kulipokucha kimerudi. Majivu yameongezeka.

"Nani ananichezea?" alinong'ona.



Jumamosi ya nne mlango wake ulikuwa wazi. Bibi yangu akachungulia. Bi Häberle amekaa sakafuni, amekufa. Kibao shingoni. Mdomo umejaa majivu.

Bibi aliponisimulia, sikumhurumia. Bado simhurumii.

Kibao kilitoweka siku ile. Jumamosi iliyopita nimekikuta mlangoni kwangu. Chini yake majivu, laini, yana uvuguvugu.

Nyie wa ofisi ya mji, mlionijibu nilipouliza habari za Ottilie eti jalada limefungwa: barua ya Bi Häberle iko kabatini kwenu. Baba yake bibi alikuwa anakaa humu. Je, alisaini? Toeni majina yote matatu. Na myatoe kabla ya Jumamosi!