Mtufaha wa Korbinian

Kila asubuhi Vroni alikwenda shule kwa kupita juu ya tuta, maana kutoka huko aliweza kuuona mtufaha wa mdogo wake. Ulikuwa mche tu, mwembamba kama fimbo, umejificha kwenye nyasi za ubavuni. Kijijini Erlbrunn mtoto wa kiume akizaliwa hupandiwa mtufaha, na watu husema mtoto na mti wake hustawi pamoja. Lakini akina Vroni waliishi ghorofani, juu ya duka la mikate, hawakuwa na bustani hata ya kupanda kitunguu. Basi Korbinian alipozaliwa, Vroni aliona tuta limekaa bure likipata jua siku nzima, akapanda hapo bila kumwuliza mtu. Nyumbani alisema tu kwamba amepata mahali pazuri.

Tuta hilo la udongo liliziba bonde lote juu ya kijiji. Nyuma yake palikuwa na kijito chembamba na kondoo wakila majani, ndiyo maana watoto waliliita bwawa la kondoo.

Siku moja, kabla theluji ya milimani haijaanza kuyeyuka, mwalimu alipeleka darasa juu ya tuta kwa Bi Burgi, aliyelisimamia.

"Bwawa gani hili halina maji?" Ludwig aliuliza. "Hata bata wamelisusa."

"Kazi yake ni kukaa tupu," Bi Burgi alijibu. "Mafuriko yakija, yapate pa kukaa. Kisha tunayaachia polepole kwenye lango lile. Bwawa likiwa limejaa tayari, litapokea nini?"

"Sasa mbona hamkupanda miti? Tungepata kivuli."

"Hapa tunataka nyasi tu, kijana. Mizizi ya mti huingia ndani kabisa. Ikioza huacha matundu, maji yanapita humo yakibeba udongo kidogo kidogo, mpaka siku moja tuta linabomoka."

Vroni aliutazama mche wake kule nyasini. Akisema, mtufaha utang'olewa, na Korbinian je? Akinyamaza, duka la mikate ndilo la kwanza kwenye njia ya maji. Aliogopa sana. Wenzake walipoanza kushuka, yeye alibaki.

"Bi Burgi, kuna mti. Nimeupanda mimi. Ni wa mdogo wangu."

Bi Burgi alimtazama. "Haya, nionyeshe."

Alipouona alichuchumaa, akaushika shina. "Leo haudhuru kitu. Ukiachwa miaka kumi, hapo ndipo tungelia."

"Utaung'oa?"

"Tutauhamisha. Mizizi bado mifupi."

"Mama atasema nimemharibia mtoto bahati."

"Mama yako niachie mimi. Wewe shika koleo."

Waliutoa mche pamoja na udongo wake. Shimo walilijaza udongo wa mfinyanzi, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka Vroni alilikanyaga mpaka buti zikawa nzito. Mtufaha ukapandwa upya nyuma ya nyumba ya Bi Burgi, chini ya tuta.

Majira ya kuchipua mvua ilinyesha juu ya theluji. Kondoo walihamishwa, na bonde likajaa maji ya rangi ya kahawa hadi nusu ya tuta. Lango liliyapitisha kidogo kidogo, na kijito kilipita kijijini bila kugusa mlango wa mtu.

Vroni na mama yake, aliyembeba Korbinian, walisimama kwenye bustani kavu ya Bi Burgi. Mche ulikuwa umetoa majani.

"Ulimpenda mdogo wako, Vroni," Bi Burgi alisema, "lakini ulipanda kwa siri, na siri ile ingemdhuru yeye na sisi sote. Uliposema ukweli, mti ukapona na tuta likapona. Siku nyingine uliza kwanza."

"Nitauliza," Vroni alisema.

Korbinian alinyoosha mkono, akachuma jani, akalitia mdomoni. Mama alitaka kumnyang'anya.

"Mwache," alisema Bi Burgi. "Mti ni wake."