Kitanda Chenye Droo

Nurdin alifika Keko, penye mabanda ya maseremala wa Dar es Salaam, mwaka wa tisini na nane akiwa na shati jeupe la mikono mirefu na tai nyekundu, mavazi ambayo mwenye akili zake hayavai mahali vumbi la mbao linaporuka tangu asubuhi. Akajikwaa, akajishika kwenye kabati lililopakwa vanishi muda si mrefu, na kiganja chake chote kikabaki pale mlangoni.

"Kaka! Hilo limeshauzwa!" Tunu alipiga kelele. Alikuwa binti wa gauni la kitenge na mtandio wa njano, mrithi wa banda lile tangu baba yake afariki. "Sasa mteja nimwambie huo mkono wa nani?"

"Mwambie ndio muhuri wa kiwanda."

Tunu alitaka kukasirika, akashindwa. Akamtupia kitambaa chenye mafuta ya taa ajifute.

Kampuni ya Nurdin ilikuwa Kinondoni, chumba kimoja chenye kompyuta tatu, na ilikuwa imetengeneza programu ya kuwasaidia wauzaji. Yeye alipita mabandani kuuliza kila mtu ameuza nini, na nani amenunua. Mashine ikajumlisha, na mwisho wa wiki waliojiunga wakapata karatasi ya kuwaelekeza watengeneze nini. Mambo ya soko huria hayo.

Tatizo ni kwamba Keko hakuna anayemwambia mtu kuwa ameuza. Utamkuta mwenye banda anapakia makochi kwenye lori la mteja, umuulize biashara vipi, atakujibu mbaya, tena huku anakaza kamba. Watu wanaogopa kijicho. Nurdin, mtoto wa Masasi, hilo hakulijua. Aliandika mbaya, mbaya, mbaya, akayapeleka majibu hayo Kinondoni.

Hata Tunu alimjibu hivyo mwanzoni. Lakini kijana alirudi, akarudi tena, na siku asipokuja Tunu alikwenda duka la jirani kupiga simu.

"Haloo, namtaka Bwana Kompyuta."

"Ndiye mie. Nani mwenzangu?"

"Yaani sauti yangu huijui? Haya, nakata."

"Usikate, laazizi! Nilitaka useme tena tu. Leo umeuza nini?"

Tunu alishusha sauti, akampa mgongo mwenye duka. "Nakwambia wewe tu. Vitanda vyenye droo chini. Wapangaji wa chumba kimoja wanavigombania, hawana pa kuweka kabati. Nimekibuni mwenyewe."

Alisema kweli kwa sababu alipenda. Mtu akipenda huona raha kuwa na wa kumwambia, na Tunu hakuwa naye tangu amzike baba yake.

Baada ya Idi, Keko nzima ilijaa vitanda vyenye droo. Banda la kushoto, la kulia, hadi ng'ambo ya barabara, na vya wenzake vilikuwa vya mbao rahisi. Wateja wakampita. Benedikto, fundi wake, alimletea karatasi aliyoazima kwa jirani.

"Dada Tunu, wanasema kompyuta ndiyo imewaelekeza."

Tunu alisoma mpaka alipokuta wapangaji wa chumba kimoja, wasio na pa kuweka kabati. Aliikunja, akamrudishia.

Nurdin alipokuja, alimkuta anapiga msasa.

"Biashara vipi, mpenzi?"

"Mbaya, kaka."

Lile neno kaka ndilo lililomchoma. Akapiga simu kesho yake, mwenye duka akaenda kumwita Tunu, akarudi: "Anasema hayupo."

Ofisini, bosi wake Gozbert alikuwa akimsifu mbele za watu, wateja wapya wanajiunga. Nurdin hakuweza kuzifurahia sifa zile. Mwishowe akaenda Keko, safari hii bila tai.

"Niulize lolote," alisema.

"Ulijua yale maneno ya kwenye karatasi ni yangu peke yangu?"

Tunu alishaamua moyoni. Akisema hakujua, atamsamehe, yaishe. Alikuwa amemkumbuka mno.

"Nilijua," Nurdin alisema. "Wenzako wote walijibu mbaya. Kwenye mashine palikuwa na jibu moja la maana, lako. Bosi akafurahi, nikanyamaza. Niliogopa kuonekana kazi imenishinda."

Tunu aliweka msasa chini. Machozi yalikuwa karibu na hakutaka ayaone.

"Ungesema hukujua ningekuamini."

"Najua."

"Mjinga wewe."

"Nimemwambia Gozbert Keko siji tena kikazi. Kanuna, lakini kakubali. Vitanda siwezi kukurudishia, Tunu. Hilo sina la kulifanya."

"Nitabuni kingine," Tunu alisema. "Na hukijui, wala sikwambii."

"Usiniambie."

Benedikto alijifanya anatafuta misumari, akatokomea nyuma ya banda.

"Sasa nikija hapa nitakuwa nakuuliza nini?" Nurdin aliuliza, na hakuwa anatania. Tangu wajuane, alikuwa ameuliza habari za mauzo tu.

Tunu alimtazama. Alikuwa amechoka kuwa na hasira.

"Watu wanaopendana wanakosa cha kuulizana? Niulize kama nimekula."

"Umekula?"

"Sijala," alisema. "Tangu juzi chakula hakipiti."