Sahani ya Mutanu

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba 2025, saa moja na dakika ishirini jioni, nyumbani kwa Kasyoka huko Matinyani. Binti yake Mutanu alisikia njaa. Hakuwa ameisikia kwa zaidi ya mwaka. Alivuta sahani yake ya bati yenye muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akala mpaka punje ya mwisho, na alipoinua uso akakuta mama yake anamtazama.

"Leo umekula nikikuona," Kasyoka alisema.

"Kwani siku zingine sili, Mwaitu?" Mutanu alimwuliza mama yake.

"Unakula usiku kama panya. Unafunika sahani, unasema utakula baadaye. Asubuhi naikuta imelambwa."

Mutanu aliweka kijiko chini. Mwaka mzima alikuwa amejidunga sindano ya kupunguza uzito kila wiki, kwa agizo la daktari, na hamu ya chakula ikamtoka kabisa. Kukataa chakula cha mama kungeleta maneno, kwa hivyo alikuwa akifunika sahani na kwenda kulala. Asubuhi akiikuta tupu, alidhani mama ameimaliza.

"Si wewe ulikuwa unakula?"

"Mimi? Sahani mbili? Kwani mimi ni trekta?"

Walicheka. Kisha kila mmoja akaitazama sahani.

Kuanzia hapo Mutanu alikula kila jioni, kwa pupa iliyomwaibisha. Kasyoka naye akaanza jambo geni. Alikuwa akiketi, akiinama kuombea chakula, kisha akiangalia sahani yake na kuuliza, "Nimemaliza?" Sahani ilikuwa tupu. Kijiko chake kilikuwa kikavu. Kabla mwezi haujaisha sketi yake ilikuwa ikishikiliwa na fundo la leso, na mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza kwenye blauzi. Hospitalini walipima kila kitu, wasione kitu. Kina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Katikati ya maombi kijiko kilisikika kikikwaruza bati jikoni, ambako hapakuwa na mtu.

Mutanu alikwenda mjini Kitui kwa Nasteho, rafiki aliyesoma naye chuoni, ambaye sasa alikuwa na duka la dawa.

"Uliacha sindano lini?" Nasteho aliuliza.

"Septemba."

"Nani alikuambia uache?"

"Kioo. Nilikuwa nimeshapungua."

"Na kioo kilisomea udaktari wapi? Dawa hii inashika ukiitumia. Ukiacha njaa inarudi, na kilo zinafuata. Si uliambiwa?"

"Njaa yangu imerudi, sawa. Lakini anayekonda ni mama."

Alimweleza yote kwa sauti ya chini. Nasteho alifunga friji ya dawa taratibu. Hakuwa anatania tena.

"Mwaka mzima unamwachia mtu sahani gizani," alinong'ona, "na hukuwahi kuuliza ni nani. Sasa umemnyang'anya. Unafikiri atakula wapi?"

Jioni hiyo Mutanu alipakua sahani ya tatu, akaiweka mbele ya kiti kitupu. Taa haikuzimika, mlango haukufunguka, lakini harufu ilikuja, harufu ya kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi, ikapita nyuma ya kiti cha Mutanu, ikaiacha ile sahani ya tatu bila kuigusa, ikasimama karibu na Kasyoka aliyekuwa amefumba macho akiomba, na Mutanu akaona muthokoi ukipungua kwenye sahani ya mama yake, punje kwa punje, kutoka ukingoni kuelekea katikati, huku mkwaruzo ukisikika ingawa kijiko kilikuwa kimelala mezani, mpaka Kasyoka akasema amina, akafumbua macho, akapapasa bati tupu kwa vidole viwili.

"Nimeshiba?" alimwuliza binti yake.

Mutanu akaelewa. Lile lisiloonekana halikutaka chakula cha ziada. Lilitaka fungu la mtu.

"Chukua langu," alinong'ona, akasukuma sahani yake. Lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko yeye; mkono wake mwenyewe uliirudisha, na alipojitambua alikuwa anatafuna.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa daktari, akaomba kurudishiwa dawa.

"Nitaitumia mpaka lini?"

"Ukitaka matokeo yadumu, huenda miaka mingi."

"Hata maisha yote?"

"Wengine, ndiyo."

Alijidunga tumboni nyuma ya pazia dukani kwa Nasteho, kisha akarudi nyumbani. Dozi ya kuanzia ni ndogo; zingepita wiki kadhaa kabla njaa haijalegea. Alipasha moto muthokoi, akapakua sahani mbili tu. Yake aliifunika, akaisogeza mbele ya kiti kitupu.

"Huli?" Kasyoka aliuliza.

"Nitakula baadaye, Mwaitu. Wewe kula."

Kasyoka alipeleka kijiko mdomoni, akatafuna, akameza. Upande wa pili wa meza, chini ya kifuniko, bati lilianza kukwaruzwa. Mate yalimjaa Mutanu mdomoni. Aliingiza mikono yote miwili chini ya mapaja, akaikalia.