Simu Aliyotumiwa na Kaka

Walikutana mlangoni mwa soko kubwa, jioni, watu wakipigana vikumbo na mizigo yao. Mwanamke alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, naye alivaa gauni la kijani lisilo na kunyanzi hata moja. Alikuja kuonana na mwanamume aliyetangaza simu mtandaoni. Alimtambua kwa madoa ya rangi aliyomwelekeza: nyekundu kwenye kola, bluu kwenye kucha, tone jeupe sikioni.

"Wewe ndiye muuza simu, au ni fundi rangi aliyekimbia ukuta wa watu?"

"Vyote viwili," alisema akicheka. "Nachora vibao vya maduka."

Simu ilikuwa ndani ya boksi lake, inang'aa.

"Mbona unaiuza? Mpya kabisa hii."

"Kaka yangu ana duka la simu mji mwingine, kanitumia zawadi. Lakini mtu asiye na wa kumpigia ataifanyia nini? Hii ndogo yangu inanitosha."

"Kwa hiyo unaniuzia upweke wako."

"Upweke nabaki nao, dada. Nakuuzia simu tu."

Mwanamke alicheka mpaka akaziba mdomo. Hakuwa amecheka hivyo tangu dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye, alipokwenda ng'ambo kulea wazee wa watu. Simu aliitaka kwa ajili ya dada huyo, angalau waonane sura. Akalipa, akaondoka nayo.

Usiku haujaingia, mchora vibao akapiga.

"Simu yangu haijambo?"

"Simu yako? Si umeshaiuza, bwana!"

"Basi mwenye simu hajambo?"

"Hajambo. Anakula na ukuta."

"Usikate. Nami ndiyo nimepakua. Tule wote."

Wakala hivyo, kila mmoja chumbani kwake, wakisikilizana vijiko. Ikawa mazoea. Siku moja neno "mpenzi" lilimponyoka mwanamume, na hakuna aliyelirudisha.

Kisha simu ikaanza visa. Ilipata moto shavuni. Dada akawa analalamika, "Mdogo wangu, mbona sura yako ina ukungu?" na kabla hajajibiwa, kioo kikazima. Aliipeleka kwa fundi. Fundi akalinganisha namba ya utambulisho ya simu na ile ya kwenye boksi, akaifungua, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, hii feki. Kizuri ni ganda tu."

Mpiga pasi alirudisha laini kwenye simu yake ya zamani na kumpigia mchora vibao palepale. Hapatikani. Jioni aliweka sahani mezani akangoja. Hapatikani. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata.

Kumbe mchora vibao alikuwa nje ya mji, juu ya tangi la maji la kiwanda, anaandika jina la kampuni mahali pasipo na mtandao. Lori la kiwanda lilimpitia ghafla kumpeleka huko, na ujumbe wake wa kuaga haukutoka.

"Ifute vumbi, umuuzie mwingine," mwenzake wa dukani alimshauri mpiga pasi. "Si ndivyo ulivyouziwa wewe?"

Alijaribu. Mnunuzi akawa bibi mmoja mwenye miwani minene aliyetaka kuwaona wajukuu zake. Bibi alipoanza kufungua pochi, mpiga pasi alimshika mkono.

"Usinunue, bibi. Ni feki."

Akaondoka haraka, machozi yamemjaa. Njiani alimwandikia mwanamume: "Mwizi mkubwa wewe. Hata sauti yako ilikuwa feki." Akaenda polisi na boksi, tangazo na jumbe zote. Askari akaandika maelezo, akamwambia asifute kitu na asithubutu kuiuza simu hiyo.

Mchora vibao aliposhuka na kurudi mjini, kila kitu kiliingia kwa pamoja: matusi ya mpenzi wake na wito wa polisi. Alikwenda moja kwa moja duka la dobi. Alimkuta katikati ya mvuke, shati la mteja mbele yake.

"Hukungoja hata nishuke," alisema.

"Ningejuaje uko juu?"

"Ungenijua mimi."

Mwanamke aliigandamiza pasi. Shati likaanza kunuka kuungua, akainua pasi.

"Umemuuliza kaka yako?"

"Nimempigia. Kacheka. Kasema, 'Kwani ulidhani nitakupa wewe ya kweli?'"

Aliweka hela juu ya meza ya pasi, zote alizopokea kwake, akatoka bila kugeuka. Jioni hiyo mwanamke alipakua chakula, akapiga. Simu iliita hadi ikakata. Chakula kikapoa. Hata kwa dada yake alishindwa kupiga; hakujua aanzie wapi kumweleza.

Asubuhi alimtafuta mchora vibao mtaa kwa mtaa, akamwona juu ya ngazi, anaandika jina la duka la viatu.

"Shuka tuongee!"

"Semea hukohuko."

Wapita njia walisimama. Hakujali.

"Nimekosa. Nimeishi peke yangu mpaka nimezoea kungoja kuachwa. Uliponyamaza nikasema, haya, leo ndiyo leo. Nisamehe, mpenzi."

Brashi ilisimama.

"Polisi wanataka jina la aliyenipa," alisema bila kumtazama. "Nikimtaja, sina ndugu tena. Wazazi hawapo. Ni yeye tu. Na duka lake zima limejaa simu za hivyo."

"Na watu wananunua."

"Najua wananunua."

"Sikwambii useme nini. Ila hutakwenda peke yako."

Alimaliza herufi aliyoianza, akashuka.

Kituoni, askari mwingine asiyemjua mwanamke aliwazuia kwenye mlango wa chumba cha maelezo.

"Mama, hapa anaingia ndugu tu. Wewe ni nani wake?"

Mwanamume alimgeukia.

"Mchumba wake," mpiga pasi alisema, akapita ndani, akavuta kiti akaketi.

Maelezo yalichukua muda. Alipofika kwenye jina la kaka yake, mwanamume alilitamka taratibu, lote, mpaka la ukoo. Jina la ukoo lilikuwa lake pia.

Nje, kwenye benchi, alimpigia kaka yake amwambie mwenyewe kabla polisi hawajamfikia. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. "Usinipigie tena maisha yako," akasema, akakata.

Mwanamume aliirudisha simu mfukoni. Magari yalipita. Alijifuta uso kwa kiganja chenye rangi, akajipaka bluu hadi kidevuni.

"Hivi, mimi nina mchumba tangu lini?"

"Tangu pale mlangoni. Kama hutaki, rudi ukamwambie askari nilimdanganya."

Mwanamume alicheka, na kicheko kikakatika katikati kikawa kilio. Alilia kwa sauti, mbele ya watu. Mpiga pasi hakumnyamazisha. Alisogea, akamwegemeza kwenye gauni lake lililonyooka, akaliacha likunjamane.