Ukuta Ulioota Zizini

Duka la pembejeo karibu na stendi ya Tarime lilikuwa limefurika. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na kila mtu alitaka mbolea. Mfuko wa mwisho wa urea ulibaki juu ya kaunta, na mikono miwili iliushika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa mpana, wenye saruji iliyokauka kwenye kucha. Mwingine ulikuwa mwembamba, umetokeza kwenye sweta la bluu.

"Samahani, kaka. Chukua wewe," alisema msichana, akirudi nyuma.

"Aa! Mbona unakata tamaa haraka hivyo? Gombana kidogo basi."

Msichana aliinamisha uso kuficha tabasamu.

"Shamba lako lina heka ngapi?" aliuliza mwanaume.

"Sina shamba. Ninafuga."

"Unafuga nini kinachokula mbolea?"

"Bakteria."

Nchagwa, fundi mwashi, alicheka mpaka wateja wakageuka. Wakagawana mfuko nusu kwa nusu, na namba za simu pia.

Agustina, msichana yule, alikuwa mwenyeji wa Natta, kijiji kinachopakana na hifadhi ya wanyama. Alisomea kazi za maabara, na sasa alifanya kazi katika kituo kidogo cha utafiti mjini. Nchagwa alipomtembelea, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa, alimwonyesha sinia la mchanga uliogeuka jiwe.

"Ni bakteria waliobadilishwa vinasaba," alisema kwa sauti yake ndogo. "Tumewapangia kazi. Wakipata urea na maji ya chokaa, wanaunganisha mchanga. Ukuta ukipata ufa, wanauziba wenyewe. Tunataka kujenga nao kingo za mashimo ya wachimba dhahabu."

"Na wakikataa kuacha?"

"Nawanyima urea. Wanakufa njaa."

"Mke mkali wewe."

"Nani mke?"

"Subiri. Bado nakusanya ng'ombe."

Tangu siku hiyo simu haikupoa. "Umekula, Tina?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Ugali." "Na mimi je, umenikumbuka, au umeukumbuka ugali tu?"

Kisha asubuhi moja dumu la bakteria halikuwepo maabara. Agustina alipiga simu.

"Nchagwa, umelichukua wewe? Umewauzia wachimbaji?"

"Unaniita mwizi, Tina?"

"Nauliza liko wapi."

"Mtu anayeniona mwizi sina la kumjibu." Akakata.

Ni kweli alikuwa amelichukua. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika zizini, na wezi wa mifugo walikuwa wakizunguka vilimani. Alitaka ukuta usiobomoka, na alitaka Agustina auone ukiwa umekamilika. Lakini aibu yake iligeuka hasira. Agustina naye, kwa kumpenda, hakuwaambia wakubwa wake. Wiki zikapita kimya, kila mmoja akiitazama simu yake.

Aliyeshindwa kwanza ni Nchagwa.

"Tina." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ng'ombe wanakufa. Njoo, nakuomba."

Nyumbani kwao Nchagwa, nje ya mji, zizi lilikuwa katikati na nyumba zimelizunguka, kama ilivyo kwa Wakurya wengi.

"Shikamoo, mama," Agustina alimwamkia Robi, mama yake Nchagwa.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Mama alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa.

Nchagwa alikuwa amejenga ukuta usiozidi kiuno. Sasa ulimfika begani, na juu yake ulikuwa na unyevu laini kama ufizi. Ng'ombe walisimama kimya, wakiulamba. Kando yake alilala mmoja aliyekufa, tumbo limepasuliwa. Ndani yake palikuwa na kitu cheupe, kigumu, kikubwa kama chungu.

Harufu ya mkojo ilimchoma Agustina macho. Akasimama ghafla.

"Mkojo," alisema. "Mkojo wa ng'ombe una urea. Maabara tuliwaza mifuko tu. Hapa bakteria wanalishwa mchana na usiku, Nchagwa. Ng'ombe wakiulamba ukuta, wanaingia na kulishwa hata ndani ya matumbo."

Mama aliweka kibuyu cha maziwa chini, taratibu.

"Tufanye nini?" aliuliza Nchagwa.

"Ng'ombe wote wauawe, wazikwe. Asiliwe hata mmoja. Nitawaita wenzangu waje na asidi wauyeyushe ukuta. Nitawaambia kila kitu, hata kwamba nilinyamaza."

"Watakufukuza."

"Najua."

"Na hawa ni mahari yako, Tina! Nikiwazika, nitakuoa na nini?"

"Nitakuja bila ng'ombe."

"Watu watakusema mpaka uzeeni."

"Waache waseme." Kwa mara ya kwanza hakuinamisha uso. "Lakini uwazike."

Nchagwa alivua shati, akaliweka juu ya jiwe, akachukua sururu. Vijana wa ukoo walichimba pamoja naye bila kuimba. Jioni, udongo ulipomfunika ng'ombe wa mwisho, alikuja akakaa kando ya Agustina. Alinuka damu.

"Nisamehe. Nilikuibia, halafu nikakununia."

"Nami nisamehe. Nilidhani umewauzia."

Akamshika mkono, kisha akauachia.

"Tina, hawakuwa wote hapa. Mtamba mmoja nilimtuma kwa baba yako wiki iliyopita, kwa lori. Nilimtuma kama posa, ili baba akuombe unisamehe."

Agustina alibonyeza simu haraka.

"Binti yangu!" Baba alikuwa na furaha. "Mtamba wa posa tumempokea. Huyo kijana nimemkubali!"

"Baba, mchinje."

"Nani?"

"Mtamba. Mchinje leo, mzike, msionje hata nyama."

"Una wazimu? Nikimwua ng'ombe wa posa nimemkataa mkwe!"

Agustina alimtazama Nchagwa. Alikuwa amesikia yote. Akatikisa kichwa kukubali, macho yamemlowa.

"Mchinje, baba. Ni mgonjwa, na ugonjwa wake ni wetu. Kisha tutakuja wote wawili, utukubali au utufukuze."



"Mwanangu," alisema baba, sasa bila furaha, "sikutaka kukwambia. Huyo mtamba hakuzoea boma. Tangu jana tunamtafuta. Wachungaji wanasema ameingia hifadhini, amejichanganya na nyumbu."

Nchagwa aliwasha pikipiki. Agustina alipanda nyuma, akamkumbatia kiunoni mbele ya mama mkwe, jambo ambalo siku nyingine asingethubutu. Wakashika njia ya Natta, wakiwa hawajui nyumbu, na bakteria pamoja nao, wamefika wapi.