Mgeni Aliyebisha Kichwani

Mashine iligonga, na Mama Zainabo akaitikia, "Karibu."

Binti yake, Wahida, alicheka. Daktari wa hospitali, Dotora Lurdes, naye alicheka: "Basi mwandalie na chai, Mama!" Kile chuma cha sumaku alichokishika juu ya utosi wa Mama kiligonga ta-ta-ta, kama mtu aliye mlangoni. Pwani nzima hufunzwa tangu utotoni: ukibishiwa bila kusikia sauti ya mtu, usiitikie. Lakini Mama alikuwa amesahau mengi.

Alimsahau hata mjukuu wake Laila, mtoto wa Wahida. Siku kijiji kilipochomwa, Mama alikimbia na Laila mgongoni, akafika mjini Palma na kanga tupu. Alimwacha kwa nani? Hajui. Dotora alisema sumaku haipasui kichwa, huuamsha tu ubongo uliolala. Huenda kumbukumbu zikarudi. "Huenda, Wahida. Siahidi."

Zilirudi. Siku ya tatu Mama aliwataja majirani wote. Siku ya tano aliwataja wafu wao, na babu za wafu, waliozikwa kabla yeye hajazaliwa. Nyumba ikanuka marashi, na chini ya marashi, tope la mikokoni. Mchana kweupe aliketi mkekani akigonga goti kwa kidole, ta-ta-ta, bila kupepesa jicho, na kila Wahida alipomuuliza habari za Laila, yule aliyekuwa ndani alitabasamu kwa meno ya Mama, akasema kwa sauti nzito isiyo yake, "Najua alipo, yu hai, ana njaa, analia akikuita wewe."

Mwalimu Cassamo, mganga wa kitabu, akaja na chetezo. Akasoma. Mama akatetemeka.

"Nitatoka," sauti ikasema. "Nitatoka na yote ninayoyajua."

"Mwalimu, ngoja!"

"Usiseme na jini hilo, binti yangu."

"Laila ana miaka mitatu, Mwalimu. Mitatu!"

"Nyumba hii imechakaa," sauti ikanong'ona. "Nipe nyumba changa, nikuonyeshe."

Ndipo Wahida akasikia ndani ya kichwa chake mwenyewe: ta-ta-ta. Mashine haikuwapo.

Mwalimu akamziba mdomo kwa kiganja. Wahida akausukuma mkono huo.

"Karibu," alisema.

Makaa yakazimika chetezoni. Mama akapepesa macho, akapiga ukelele, "Wahida, mwanangu! Laila wangu yuko wapi?"

"Yuko kijijini Mute, kwa mama mmoja muuza mihogo," Wahida alijibu, na sauti ilikuwa ile nzito. "Nishike mkono, Mama, twende."

Mama akaushika. Kidole cha binti yake kikaanza kumgonga kiganjani, taratibu: ta-ta-ta.