Nyenje Wasioimba

Rafiki yangu fundi cherehani alinisimulia haya bila kuniangalia usoni. Dada yake alisafiri akamwachia mijusi wachanga anaowafuga, naye akawanunulia kopo la nyenje wadogo wawe chakula chao. "Hawa hawajaota mabawa, hawaimbi," muuzaji alimwambia. "Wasikose hewa tu."

Fundi akaogopa nyenje wasije wakarukia nguo za wateja. Akafunga kopo kwa mfuniko usio na tundu, akalisukumia kabatini, akalisahau. Alipolifungua, wote walikuwa wamekufa. Akawatupa kimyakimya.

Dada alirudi akakuta mijusi wamekonda. "Mdogo wangu, wanangu umewalisha kweli?"

"Nimewalisha, dada. Haki ya Mungu."

Hapo hapo nyenje akalia, kri, kri, karibu sana. Dada akachungulia kabatini.

Mijusi hawakutazama kabatini. Walikuwa wameinua vichwa wote, wakimtazama fundi mdomoni.